Kujenga kigunduzi cha sintileta chenye fotodiodi kwa majaribio ya nyutrino: kuanzia hesabu ya fotoni hadi vipimo vya myuoni

Nyutrino ikipita kwenye kigunduzi haiachi alama yoyote, isipokuwa mara chache sana inapogonga kiini cha atomu na kurusha chembe yenye chaji. Chembe hiyo ndiyo tunayoikamata. Ikikatiza plastiki au mafuta yenye sintileta huacha mmweko wa samawati unaodumu nanosekunde chache, na mjenzi wa kigunduzi ana kazi ya kuufikisha mwanga huo kwenye kipande cha silikoni kabla haujapotea njiani. Wanafunzi wengi huanzia kwenye elektroniki kwa sababu ndiko kunakovutia. Mimi nashauri uanzie kwenye mwanga, maana hakuna amplifaya inayoweza kurudisha fotoni zilizokwisha kupotea.

Moduli tunayoijenga hapa ni ya mezani: upau mmoja wa plastiki ya sintileta wenye upana wa sm 4, unene wa sm 1 na urefu wa mita 1, unyuzi mmoja wa kubadili rangi ya mwanga uliolazwa ndani yake, na fotodiodi kwenye ncha moja. Vipimo hivyo havikuokotwa tu. Kigunduzi cha DANSS, kilichowekwa chini ya kinu cha nyuklia cha Kalinin nchini Urusi, kimejengwa kwa pau 2,500 za ukubwa huohuo.

Hatua ya 1: Hesabu fotoni kabla ya kununua chochote

Myuoni, chembe yenye chaji inayotunyeshea kutoka angani na tutakayoitumia kupimia kigunduzi, hupoteza takriban MeV 2 (MeV ni kipimo cha nishati, elektronivolti milioni moja) kwa kila sentimita ya plastiki inayoikatiza. Sintileta nzuri ya polistirini hutoa karibu fotoni 10,000 kwa kila MeV moja, kwa hiyo upau wetu unatupa fotoni 20,000 kila unapopitwa na myuoni iliyonyooka. Zinaonekana nyingi, lakini hebu tuzifuate.

Tuseme 10% tu ndizo zinazofika kwenye unyuzi na kunyonywa: zimebaki 2,000. Kati ya hizo, 85% hutolewa upya kwa rangi ya kijani: 1,700. Unyuzi wenye maganda mawili hunasa kama 5.4% ya mwanga kuelekea kila upande, na huku kwetu zinakuja 92. Safari ya mita moja ndani ya unyuzi inaacha 70%, yaani 64. Kiungo kati ya ncha ya unyuzi na silikoni kinapitisha 80%, yaani 51. Mwishowe fotodiodi ya aina ya SiPM (fotomaltiplaya ya silikoni, tutaieleza kwenye Hatua ya 2) hugundua kama 35% ya mwanga wa rangi hiyo. Umeanza na 20,000, umeishia na fotoelektroni 18, yaani fotoni 18 zilizogunduliwa.

Ile 10% ya mwanzo ndiyo yenye shaka kuliko zote, kwa sababu inategemea umbo la mfereji, gundi, na ubora wa kiakisi cha nje. Iweke kama makisio, kisha myuoni wa Hatua ya 8 watakuambia ukweli wake.

Kwa nini 18 inatosha na 5 haitoshi? Idadi ya fotoelektroni hufuata takwimu za Poisson. Ukiweka kizingiti kwamba pigo lihesabiwe tu likiwa na fotoelektroni 3 au zaidi, upau wenye wastani wa 5 utakosa takriban 12.5% ya myuoni zote. Upau wenye wastani wa 18, hata ukipandisha kizingiti hadi 5, utakosa chini ya moja katika kila 10,000. Hesabu hii ifanye kwa sehemu ya upau iliyo mbali zaidi na fotodiodi. Sehemu ya karibu itajitegemea yenyewe.

Hatua ya 2: Chagua fotodiodi

Miongo mingi wajenzi walitumia mirija ya fotomaltiplaya, yaani mirija ya kioo inayogeuza fotoni kuwa pigo la umeme. Reines na Cowan walipothibitisha kuwapo kwa nyutrino kwenye kinu cha Savannah River mwaka 1956, sintileta yao ya kimiminika ilisomwa na mirija hiyo, na bado ndiyo inayotawala kwenye matangi makubwa. Lakini mirija ina udhaifu wa aina mbili unaotugusa sisi: huyumba ndani ya uga wa sumaku, na fotokathodi yake ya kawaida (uso unaopokea mwanga) hugundua mwanga wa samawati vizuri kuliko wa kijani. ND280, kigunduzi cha karibu cha jaribio la T2K nchini Japani, kimewekwa ndani ya sumaku ya tesla 0.2 iliyotoka kwenye jaribio la UA1 la CERN. Mle ndani silikoni ndiyo inayofaa.

Fotodiodi ya PIN ndiyo rahisi na tulivu kuliko zote, ila haikuzi chochote: fotoni moja, elektroni moja. Hata ikigundua 80% ya zile fotoni 51, unapata elektroni 41, na amplifaya nzuri ya chaji ina kelele ya elektroni mia kadhaa. Kwa upau na unyuzi wetu, isahau. Itumie pale ambapo mwanga ni mwingi, kwa mfano kwenye fuwele ya CsI (iodidi ya sesiamu) iliyotiwa thaliamu, inayotoa zaidi ya fotoni 50,000 kwa MeV na kwa rangi ambayo silikoni huipenda.

APD, fotodiodi ambayo elektroni moja huzusha maporomoko ya nyingine, hukuza kama mara 100. Jaribio la NOvA nchini Marekani liliichagua kwa sababu iliyo wazi: seli zake za PVC zilizojaa mafuta ya sintileta zina urefu wa mita 15.5, unyuzi wake unashuka hadi chini na kurudi juu, na mwanga unaotoka baada ya safari hiyo ni wa nanomita 520 hadi 550. APD hugundua karibu 85% ya mwanga huo. Gharama yake ni ubaridi: zinapozwa hadi digrii 15 chini ya sifuri ili kelele zipungue. Kigunduzi cha mbali cha NOvA, chenye tani 14,000, kina seli 344,064, na kila APD ina sehemu 32 za kusomea.

SiPM ni kundi la mamia ya vidiodi vidogo, kila kimoja kikifanya kazi kama mtego wa panya: kikiguswa na fotoni hufyatuka, na kikifyatuka hutoa chaji ileile bila kujali kilichokigusa. Jumla ya mitego iliyofyatuka ndiyo idadi ya fotoni ulizogundua. Ukuzaji wake unafika laki kadhaa hadi zaidi ya milioni moja, kwa volti 50 hadi 70 tu. T2K walitumia takriban 56,000, kila moja ikiwa na seli 667 kwenye mraba wa mm 1.3, ukubwa uliopangwa kuupokea unyuzi wa mm 1 na kuacha nafasi kidogo ya kukosea. Kwa moduli yetu, chukua SiPM ya ukubwa huo. Sioni sababu ya kubishana hapa.

Hatua ya 3: Andaa upau na unyuzi

Upau wa kiwandani hutolewa ukiwa umevikwa tabaka jeupe la polistirini yenye titani dioksidi, kama milimita robo hivi, na mfereji wa unyuzi ukiwa tayari. Ukipata plastiki tupu, izungushie karatasi nyeupe ya Tyvek au tepu ya Teflon tabaka kadhaa. Vaa glavu za pamba. Mafuta ya vidole huharibu uso wa plastiki, na asetoni huleta nyufa ndogo zinazoenea kama utando. Kwa kusafishia tumia maji yenye sabuni laini, kisha futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzinyuzi. Funika taa za chumba kwa karatasi ya manjano inayozuia mwanga wa urujuanimno, kwa kuwa mwanga huo huchosha sintileta na unyuzi kabla hata hujaanza kazi.

Unyuzi ulazwe kwenye mfereji kwa gundi angavu ya macho, yenye kipeo cha kupinda mwanga kilicho karibu na 1.59 cha polistirini. Hapa ndipo uvumilivu unapolipa. Changanya gundi taratibu ili isivute hewa, iache itulie mpaka viputo vipande juu, ikiwezekana kwenye chombo cha ombwe. Imimine kuanzia ncha moja, upau ukiwa umeinama kidogo, ili hewa itangulie mbele ya gundi. Kiputo kinachobaki chini ya unyuzi hujitokeza kama doa jeupe ukimulika kwa pembeni. Kisukume kwa kijiti cha plastiki kabla gundi haijashika. Viputo viwili vitatu havina madhara makubwa, ila msururu wake unautenganisha unyuzi na plastiki yake.

Unyuzi wenyewe usiukunje kwa pembe kali. Ganda likipasuka mwanga huvuja pale, nawe utaona alama ya kijani iking'aa mahali usipoitarajia.

Hatua ya 4: Ng'arisha ncha

Hii ni kazi ya nusu saa inayoweza kukupa au kukunyang'anya theluthi ya mwanga. Ingiza ncha ya unyuzi kwenye kishikio ili isimame wima kabisa, ikitokeza kidogo tu. Anza na msasa namba 600 chini ya maji, kisha 1000, kisha 2000, halafu malizia na filamu za kung'arishia za mikroni 3, 1 na 0.3. Chora umbo la nane kwa mkono mwepesi. Kila unapobadili msasa suuza ncha, la sivyo punje kubwa za mwanzo zitakuja kuchora mikwaruzo kwenye hatua za mwisho.

Ichunguze kwa kioo cha kukuzia huku ncha ya pili ikimulikwa. Ncha iliyoiva huonekana kama duara la kijani lililo sawasawa, na ganda lake ni pete nyembamba isiyo na mapengo. Ukiona mwezi mwandamo, uliisugua ikiwa imeinama. Ukiona mistari sambamba, rudi nyuma hatua moja ya msasa.

Ncha ya mbali unaweza kuipaka alumini au kuibandika kioo chepesi, ili mwanga ulioelekea kule urudi. Kwenye upau wa mita moja faida yake ni kubwa, kwani mwanga huo unafifia kidogo tu kwenda na kurudi.

Kisha sukuma unyuzi uguse dirisha la SiPM, kwa kishikio chenye springi ndogo nyuma ya SiPM. Pengo la nusu milimita tu linatosha mwanga kutawanyika hadi nje ya mraba wa mm 1.3.

Hatua ya 5: Ziba mwanga

Funga upau kwa karatasi nyeusi nene na tepu nyeusi, pembe zote zikunjwe mara mbili. Washa SiPM, soma mkondo wake, kisha pitisha tochi polepole kwenye kila kiungo huku ukiangalia mita. Mkondo ukipanda, umepata tundu. Tofauti na mirija ya fotomaltiplaya, SiPM haiungui kwa kuona mwanga wa chumba mradi rezista ya kudhibiti mkondo ipo, kwa hiyo jaribio hili halina hatari.

Hatua ya 6: Umeme

SiPM hulishwa kinyumenyume, volti tatu hivi juu ya volteji ya kufyatuka. Kwa zile ambazo zinafyatuka kwenye volti 53, hiyo ni kama volti 56. Weka rezista na kapasita karibu kabisa na SiPM ili kuchuja kelele za ugavi, na ukomo wa mkondo kwenye chanzo cha umeme. Ugavi uwe imara hadi milivolti chache, kwa sababu tutakazozieleza kwenye Hatua ya 9 kuhusu joto. Amplifaya ikae sentimita chache kutoka kwenye SiPM. Waya mrefu kabla ya amplifaya ni antena.

Hatua ya 7: Tafuta fotoelektroni moja

Sehemu hii ndiyo inayoipa SiPM thamani yake, na ndiyo ningependa msomaji aifanye mara nyingi mpaka mkono uzoee.

Chukua LED ya samawati, ilishe mapigo mafupi sana ya nanosekunde chache, na uipunguze mpaka upau upokee wastani wa fotoelektroni moja au mbili tu kwa kila pigo. Rekodi chaji ya kila pigo ndani ya dirisha la nanosekunde mia moja hivi, kisha chora histogramu. Vitajitokeza vilima vilivyopangana kwa nafasi sawa: cha kwanza ni sifuri, cha pili ni seli moja iliyofyatuka, cha tatu seli mbili, na kuendelea. Umbali kati ya kilima na kilima ndio ukuzaji. Gawanya kwa ukuzaji wa amplifaya na kwa chaji ya elektroni moja, utapata namba ya kulinganisha na ya kiwandani.

Rudia kwa volteji tano au sita tofauti. Ukuzaji hupanda kwa mstari ulionyooka. Urefushe mstari huo hadi ukuzaji wa sifuri, na pale unapokata mhimili ndipo ilipo volteji ya kufyatuka ya SiPM yako. Usiitegemee karatasi ya kiwandani kwa jambo hili, kwa kuwa joto la chumba chako si la kule.

Vilima visipoonekana, kagua mambo matatu kwa mpangilio huu: volteji ni ndogo mno, kelele za ugavi ni kubwa, au LED ni kali kiasi kwamba vilima vyote vimezama kimoja. Mara nyingi ni LED.

Ukiwa na fotodiodi ya PIN au APD, vilima hivi hutaviona. Njia mbadala ni kuielekezea moja kwa moja miale ya keV 59.5 ya ameriki 241 (elementi nururifu). Silikoni hutumia takriban eV 3.6 kutengeneza jozi moja ya elektroni na tundu, kwa hiyo kila mwale unaonyonywa wote unakupa elektroni kama 16,500. Hicho ni kipimo cha kuaminika, kilichomo ndani ya fizikia yenyewe ya silikoni.

Zima LED, hesabu mapigo ya giza. SiPM ya mm 1.3 kwenye joto la chumba hufyatuka yenyewe karibu mara laki moja kwa sekunde ukiweka kizingiti kwenye nusu ya fotoelektroni. Pandisha kizingiti hadi moja na nusu: kiwango kinashuka ghafla, na kinachobaki ni seli zilizowaambukiza majirani zao. Uwiano wa viwango hivyo viwili ndio kipimo cha maambukizo; kwa SiPM za sasa ni asilimia chache.

Hatua ya 8: Myuoni

Kwenye usawa wa bahari, kila sentimita ya mraba iliyolala hupitiwa na myuoni moja hivi kwa dakika. Weka vipande viwili vidogo vya sintileta vya sm 4 kwa 4, kimoja juu ya upau na kimoja chini, na urekodi upau pale tu vyote viwili vinapopiga kwa pamoja. Utapata myuoni zisizozidi 16 kwa dakika, pungufu kadiri vipande vinavyoachana. Uache usiku kucha. Asubuhi una maelfu.

Usiweke kizingiti chini mno kwenye vipande hivyo. Viwili vikipiga mara laki moja kwa sekunde kila kimoja, na dirisha la pamoja likiwa nanosekunde 50 kila upande, bahati nasibu peke yake inakupa mapigo 1,000 ya pamoja kwa sekunde, na myuoni zako zimezama humo. Ukipandisha hadi fotoelektroni 4 au 5, tatizo linakwisha.

Histogramu ya upau itakuwa na umbo la Landau: kilele kimoja na mkia mrefu kulia. Gawanya kilele kwa umbali wa vilima vya Hatua ya 7, punguza asilimia ya maambukizo, na hapo una idadi ya fotoelektroni. Ilinganishe na ile 18. Ikiwa ni nusu yake, anza uchunguzi kwenye kiungo cha unyuzi na SiPM, halafu gundi, halafu kiakisi.

Sogeza vipande kila sm 10 na uchore mwanga dhidi ya umbali. Mstari utashuka haraka mwanzoni, kisha taratibu. Unahitaji eksponenti mbili, kwa kuwa rangi fupi za unyuzi hunyonywa mapema na zile ndefu husafiri mita kadhaa. Ukiona ngazi ya ghafla, pana kiputo au ganda lililopasuka mahali hapo.

Hatua ya 9: Joto, na mwanga uliozidi

Volteji ya kufyatuka hupanda kama milivolti 54 kwa kila digrii moja kwenye SiPM za volti 53 kama zile za Hatua ya 6. Chumba kikipata joto la digrii 5 zaidi, volti 3 zako za ziada zimepungua kwa 0.27, yaani ukuzaji umeshuka 9%, na ufanisi wa kugundua nao umeshuka kidogo. Bandika kipima joto kwenye kishikio chenyewe, si ukutani, na urekebishe volteji kwa programu au urekebishe data baadaye. Kupoza kunasaidia pia: mapigo ya giza hupungua takribani nusu kwa kila digrii 10 hivi. JUNO-TAO, kigunduzi kidogo cha vinu nchini China chenye mita za mraba 10 za SiPM, kimebuniwa kufanya kazi kwenye digrii 50 chini ya sifuri.

Upande wa pili ni kujaa. Seli 667 haziwezi kuhesabu zaidi ya 667. Fotoelektroni 300 zikitarajiwa, zinazofyatuka ni kama 242 tu, kwa kuwa nyingine zimeangukia seli zilizokwisha kufyatuka. Kwa myuoni hili halikugusi. Kwa protoni iliyosimama ndani ya upau linakugusa sana, na hapo changanya na kanuni ya Birks: chembe inayopoteza nishati kwa msongamano mkubwa hutoa mwanga mchache kwa kila MeV. Sahihisha kwanza kujaa, ndipo usahihishe Birks, kwa mpangilio huo.

Kutoka upau mmoja hadi jaribio

Kwenye mkondo wa nyutrino unaotoka kwenye mashine ya kuongeza kasi ya chembe, saa ndiyo rafiki yako. Mkondo wa NuMI unaoilisha NOvA hufika kwa kishindo cha mikrosekunde 10, na nje ya dirisha hilo unaweza kutupa karibu kila kitu. Ni jambo la lazima, kwa kuwa kigunduzi cha mbali kiko juu ya ardhi na hupigwa na miale ya anga zaidi ya mara laki moja kila sekunde. Hata hivyo, mapigo ya giza laki moja kwa sekunde ni pigo moja la uongo kwa kila njia ya kusomea ndani ya hizo mikrosekunde 10, kwa hiyo SiPM bado zinahitaji kizingiti cha fotoelektroni mbili na nusu au zaidi.

Kwenye kinu cha nyuklia hakuna kishindo. Nyutrino zinatiririka mfululizo. Pale unategemea ishara ya sehemu mbili: pozitroni inayozaliwa nyutrino inapogonga inamweka mara moja, kisha nyutroni iliyozaliwa pamoja nayo inanaswa mikrosekunde kadhaa baadaye. DANSS walitia gadolini kwenye tabaka la nje la kila upau ili nyutroni zinaswe hapo. Ukiwa na mpango huo, tabaka la kiakisi linakuwa sehemu ya fizikia yako na lazima lichaguliwe mapema.

Umbo nalo hubadilika. SuperFGD, nyongeza mpya ya ND280, imeacha pau na kutumia vijichemraba takriban milioni 2 vya sm 1, kila kimoja kikipitwa na nyuzi tatu kwa pande tatu, ili protoni fupi zionekane kutoka kila upande.

Kabla hujaagiza vifaa vya njia elfu moja, jenga kumi kwa watu tofauti, kwa zana zilezile, na upime tofauti kati ya moduli na moduli. Ikizidi 10%, karibu kila mara chanzo ni ung'arishaji au kishikio, na hivyo hurekebishwa kwa kubuni kifaa bora cha kushikia wala si kwa kuwahimiza watu wawe makini zaidi. Kila SiPM ipewe namba, na volteji yake ya kufyatuka, ukuzaji, mapigo ya giza na joto la siku ya kipimo viingizwe kwenye hifadhidata siku hiyohiyo.